Mkono wa mafuta haunisikii barabara ikiwa tupu

SWALI

Shikamooni kaka zangu wa safu hii,

Naishi Boma Ng'ombe, nina miaka 26. Kazi yangu ni kupeleka abiria na mizigo midogo kati ya Boma na Moshi mjini kwa Boxer 150 ya mkataba. Leseni ninayo, kofia ngumu navaa, pombe situmii. Shida yangu ni spidi.

Nikiwa mjini, kuzunguka stendi na kipilefti cha mnara wa saa, sina tatizo kwa sababu foleni yenyewe inanizuia. Tatizo linaanza nikishatoka Karanga kurudi Boma. Barabara ikifunguka tu, mkono unavuta wenyewe. Nikitupa jicho kwenye spidimita nakuta 90, mara nyingine 100, na sijui niliamua saa ngapi kufika huko.

Yapo mambo matatu yanayonishinda: barabara tupu, Costa au Noah inayonipita huku inanipigia honi, na abiria anayeniambia "kaka wahisha, nimechelewa". Nikijilazimisha kwenda 60 naona kama pikipiki imesimama, na usingizi unaninyemelea. Mama watoto amenisihi nikamwahidi, lakini ahadi yangu haifiki hata mteremko wa Kikafu, hapo hapo njiani.

Fundi mmoja anasema anaweza kuniwekea kizuizi kwenye kabureta nisivuke 70. Mwingine ananiambia nibadilishe spoketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Je, yupi yuko sahihi? Na je, kuna namna ya kuuzoesha mkono bila kufunga kitu chochote?

Ni mimi mdogo wenu, Boma Ng'ombe.

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Ya mafundi tutayafikia mwishoni, kwa sababu dawa kubwa haiko kwenye kabureta wala kwenye spoketi. Unaahidi ukiwa nyumbani, halafu ukifika barabarani unauachia mkono uamue upya kila kilomita. Mkono hauwezi kushinda mashindano hayo. Spidi ya safari, saa ya kufika na maneno ya kumjibu abiria, vyote viamuliwe kabla hujawasha. Ukiwa barabarani kazi yako ibaki kufuata ulichokwisha kupanga.

Kwanza hilo la kuona kama pikipiki imesimama, maana ndilo linalodanganya waendeshaji wengi, hata wazoefu. Mwili haupimi spidi vizuri, unachohisi zaidi ni mabadiliko ya spidi. Ukikaa dakika chache kwenye 90, kichwa kinaizoea na kuiona ndiyo hali ya kawaida. Ukishuka hadi 60 utaapa uko 40. Ndiyo maana mtu anayeingia Kwa Sadala siku ya soko anadhani amepunguza vya kutosha, kumbe bado yuko 70 katikati ya akina mama wenye ndizi vichwani. Kofia iliyokubana vizuri nayo hupunguza kelele za upepo na kuongeza udanganyifu huo. Endelea kuivaa hivyo hivyo, ila usiyaamini masikio yako. Amini kioo cha spidimita.

Na kioo kiseme kweli. Pikipiki nyingi za mkataba zinatembea waya wa spidimita ukiwa umekatika, na mwenyewe anakisia. Kwenye pikipiki kama yako waya huo unatoka gurudumu la mbele, na kuubadilisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote. Kuipima spidimita huhitaji mashine: tumia nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu. Shikilia 60 kutoka nguzo moja hadi nyingine, abiria wako ashike saa ya simu. Kilomita moja kwa 60 ni sekunde 60 kamili, kwa 50 ni sekunde 72, kwa 80 ni sekunde 45. Spidimita nyingi huzidisha kidogo, yaani zinaonyesha 60 wakati uko 57, na hilo halina madhara. Yako ikionyesha pungufu ya spidi halisi, irekebishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Ikishakuwa sawa, chukua rangi ya kucha nyekundu na uchore mistari miwili myembamba juu ya kioo, mmoja kwenye 50 na mwingine kwenye 70. Hamsini ni ya makazi, kama kibao kinavyosema. Sabini ni dari lako nje ya makazi. Hatukupi 60 kwa sababu umeshatuambia huiwezi, na sheria usiyoiweza utaivunja yote. Jicho litaona mshale umevuka mstari mapema zaidi kuliko litakavyosoma namba.

Kwa nini 70 na si 90? Chukua lami kavu, breki za kawaida za pikipiki ya kazi, na sekunde moja ya kushtuka. Ukiwa 50 unasimama baada ya mita 33 hivi: mita 14 zinapita kabla hujagusa breki, na 19 ni za kufunga breki. Ukiwa 80 unahitaji kama mita 71. Sasa weka ng'ombe mita 33 mbele yako, jambo la kawaida kabisa kwenye barabara zetu. Mwenye 50 anasimama pua kwa pua naye. Mwenye 60 anamgonga akiwa bado na spidi ya 38 hivi. Mwenye 80 anamgonga akiwa na 70, kwa sababu mita 22 za kwanza zimepita mkono ukiwa bado kwenye mafuta, na mita 11 zilizobaki hazitoshi kitu. Uyasome tena mahesabu haya ukiwa umetulia. Kati ya 60 na 80 tofauti ni 20 tu kwenye kioo, lakini kwenye kugonga ni 38 dhidi ya 70.

Kofia ngumu nayo ina mpaka wake. Kipimo cha Ulaya cha ECE 22.05, kilichotangulia cha sasa cha 22.06, kiliibamiza kofia kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Huo ni mwendo wa kichwa kugonga chini au ukuta, si mwendo wa pikipiki, na mtu anayeteleza na kuanguka ubavu huwa ndani ya kipimo hicho mara nyingi. Anayegonga ubavu wa Fuso uso kwa uso hayumo.

Upande wa muda, Boma hadi Moshi ni kama kilomita 25. Tuseme 15 kati ya hizo zimefunguka kiasi cha kukuruhusu kukimbia. Kwa 70 unazimaliza kwa dakika 13 kasoro kidogo, kwa 90 unatumia dakika 10. Dakika tatu unazookoa zinaliwa na Fuso moja inayopanda polepole mbele yako, na ukifika kijiweni unakaa robo saa kusubiri mteja. Hesabu ya bosi haipatikani kwenye hizo dakika tatu. Kinachopotea ni mafuta: kutoka 70 kwenda 90 nguvu ya upepo unaokurudisha nyuma inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu, na injini ya 150 inalipa yote hayo kwa lita.

Sasa mambo yako matatu.

Abiria aliyechelewa. Usingoje akuambie ukiwa 80. Kabla hajapanda mwambie saa ya kufika, na uongeze dakika kumi juu ya unayodhani: "Dada, saa mbili na nusu tutakuwa stendi. Sikimbizi, lakini nitakufikisha." Akikubali amekubali spidi yako. Asipokubali, mwache achukue pikipiki nyingine. Wapo watakaoondoka, na wapo wengi zaidi, hasa akina mama wenye watoto na wagonjwa wanaokwenda kliniki, watakaoiweka namba yako kwa sababu hiyo hiyo. Akianza kukusukuma njiani jibu moja linatosha, "nimekusikia", bila kugusa mafuta. Usibishane naye huku unaendesha, kwa sababu hasira nayo ni spidi.

Costa inayokupita. Hapa wengi wanaongeza mafuta bila kujijua, na ndipo linapotokea baya kabisa: dereva yuko katikati ya kuovateki, wewe unaongeza, gari linatokea mbele, na anayesukumwa nje ya lami ni wewe. Ukiiona kwenye saiti mira, fanya hivi. Sogea kushoto kidogo ndani ya njia yako, ila usikanyage ukingo wa lami, kwa sababu sehemu nyingi ukingo umeliwa na chini yake kuna kokoto. Bana tenki kwa magoti, mikono ilegee. Shika mafuta pale pale, au yarudishe kidogo ili apite haraka. Gari kubwa linapokufikia upepo wake unakusukuma nje, likishapita unakuvuta ndani, kwa hiyo tarajia yote mawili na usishtukie usukani. Likishapita hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" tangu nyuma yake ipite nguzo au mti hadi wewe uufikie. Mvua ikinyesha hesabu hadi nne. Kama namba haijatimia uko karibu mno, rudisha mafuta. Kuhesabu huko kunaupa mkono kazi badala ya kisasi. Honi usiihesabu kuwa tusi: mara nyingi anakutaarifu tu kwamba anapita.

Barabara tupu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna wa kumlaumu. Anza na namna unavyoshika. Wengi hushika mkono wa mafuta kifundo kikiwa kimeinuka juu, hivyo uzito wa mkono wenyewe unazungusha mafuta kila pikipiki ikitikisika. Kaa vizuri, funga mafuta yote, kisha shika ukiwa na kifundo kilicholala sawa na mkono au chini kidogo. Ukishika hivyo utaona kuvuta hadi mwisho kunakusumbua, itakubidi ushike upya. Huko kushika upya ndiko kunakokugutusha kwamba unaongeza. Jambo hili dogo limewasaidia vijana wengi kuliko maonyo.

Pili, upe mdomo kazi. Ongea kwa sauti unachokiona mbele, mbali kiasi cha sekunde kumi na mbili hivi: "Kushoto mtoto na baiskeli. Noah inasimama, mlango utafunguka. Kulia barabara ya vumbi, bajaji inachungulia." Itaonekana kichekesho mara ya kwanza, lakini ndani ya kofia hakuna anayekusikia. Mtu anayetaja hatari kwa sauti hurudisha mafuta kabla hajaambiwa. Pia inaondoa ule uchovu wa kutokuwa na la kufanya, ambao wewe umeuita usingizi.

Kama ni usingizi kweli, yaani kope zinakuwa nzito, unapiga miayo mfululizo au hukumbuki ulivyopita daraja, basi kukimbia si dawa. Spidi inakuamsha dakika chache halafu unalala ukiwa 90. Simama penye watu, zima, lala dakika 15 hadi 20, kunywa maji, ndipo uendelee. Ukiona unasinzia kila siku saa ile ile, punguza safari za usiku, hakuna ujanja mwingine.

Tatu, tumia gia. Ukifika kibao cha 50 rudi gia moja chini na uibakize hapo hadi makazi yaishe. Injini italia zaidi na kukuzuia ukitaka kuongeza, na ukiachia mafuta inakushika yenyewe. Hii pia ndiyo namna ya kushuka Kikafu. Tunajua wapo wanaoteremka na frii, wengine wanazima kabisa ili kuokoa mafuta. Pale kuna mteremko na kona zinazobana. Ukiwa frii kazi yote inabaki kwa breki peke yake, breki za dramu zikipata moto hupoteza nguvu, na utaligundua hilo kwenye kona. Ingia gia ya tatu kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake.

Tochi ya trafiki ya kupima spidi tumeiacha makusudi. Faini ya bodaboda ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, na anayejizuia kwa sababu ya trafiki peke yake anajifunza kumtafuta trafiki kwa macho badala ya kuitazama barabara.

Lipo jambo jingine ambalo hujatuuliza. Hamu ya spidi kwa kijana mwenye pikipiki ni hamu ya kuimudu mashine, na si dhambi. Ilishe kwa njia nyingine. Tafuta kiwanja kigumu, kikavu, kisicho na watu asubuhi. Weka mawe mawili yakiwa mbali mita kumi, utoke jiwe moja hadi jingine polepole iwezekanavyo bila kushusha mguu, kwa klachi nusu, mafuta kidogo na breki ya nyuma kwa kugusa. Wengi wanaojisifu kwa 110 wanashindwa hapo. Ukishaliweza, fanya zoezi la breki: njoo na 30, ukifika kwenye jiwe funga mafuta, bana klachi, gusa breki zote mbili, halafu kaza ya mbele taratibu kama unavyokamua chungwa, usiikwapue. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu uzito wote unahamia mbele. Anayeiogopa na kutumia mguu peke yake huburuza tairi la nyuma na pikipiki inakaa upande. Pima kwa hatua ulikosimamia na ujaribu kupunguza. Ukizoea panda hadi 40, na usizidi hapo kiwanjani.

Pikipiki yenyewe iwe na uwezo wa kukutii. Mkono wa mafuta uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta, na ukiuachia urudi wenyewe kwa kishindo. Washa injini, zungusha usukani wote kushoto kisha kulia: mlio ukipanda, waya wa mafuta unabanwa mahali, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Angalia mshale wa kuonyesha kulika kwenye dramu za breki. Upepo wa tairi kwa pikipiki za aina yako ni PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukipakia. Usimruhusu mjazaji ajaze kwa kubonyeza kidole.

Sasa mafundi. Kizuizi cha kabureta tunakukataza. Kinachowekwa huwa kipande cha mpira au bomba cha kuzuia mlango wa hewa usifunguke wote. Kikisogea au kukatika kinaweza kuubana mlango ukiwa wazi, na ukiachia mafuta injini inaendelea kulia. (Likikutokea lolote la namna hiyo: bana klachi, zima kwa swichi ya mkononi, ndipo usimame pembeni.) Zaidi ya hayo, kinakunyima nguvu ukiwa umepakia kwenye kilima, na mteremkoni hakizuii chochote. Mpira wa kufunga mkono wa mafuta usirudi, ambao baadhi ya vijana wanautumia safari ndefu, usiuguse kabisa.

Spoketi ni jambo la kufikirika. Hesabu meno ya ile ndogo ya mbele. Kama ni 14 ukaweka ya 13, spidi inashuka kwa asilimia 7 hivi kwa mzunguko ule ule wa injini: pale ulipokuwa ukienda 90 utakuwa karibu 84, na ukiwa 70 injini italia kama ilivyokuwa ikilia kwenye 75. Haikufungi, inalalamika mapema tu, na ukipeleka mzigo Kibosho au Old Moshi utaona inapanda vizuri zaidi. Tambarare itakula mafuta kidogo zaidi ukiendelea kukimbia. Spidimita haitadanganya, kwa kuwa inasoma gurudumu la mbele. Lakini pikipiki bado ni ya mkataba, kwa hiyo pata ruhusa ya mwenyewe kwanza, na spoketi ya zamani uitunze. Kama cheni imechoka badilisha seti nzima, kwa sababu cheni iliyolika huyala meno mapya kwa muda mfupi. Baada ya kufunga, mchezo wa cheni katikati kwa chini uwe kati ya milimita 20 na 30, na urudi kwa fundi akaze tena ukishatembea kilomita 300 hivi, kwani cheni mpya hulegea mwanzoni.